Mtoto Aliyekuwa Baba wa Baba Yake

Mnaniuliza kwa nini nikipita mbele ya shule saa ya mapumziko nacheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa. Sijapungukiwa. Akili ninazo zote, meno ndiyo machache. Nacheka kwa sababu nilifundisha watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shaba miaka mingi, hapa hapa mjini, siku zile za wakoloni mji ukiitwa Élisabethville na sisi walimu weusi tukiitwa moniteur. Mambo niliyoyaona darasani yamekataa kabisa kuzeeka pamoja nami. Sasa nyinyi vijana mmeshika chaki, wengine mmeshazaa, na kila Jumapili mnakuja kunililia hapa kwangu: huyu hasikii, yule anapiga wenzake, yule mwingine anadanganya mchana kweupe. Haya, kaeni. Leo nawapa habari za Polidori, na mkishamaliza kucheka mtarudi kwenu na swali moja la kuuliza.

Lakini kwanza nijiseme mwenyewe, maana msije mkadhani nilizaliwa na busara. Nilipoanza kazi nilikuwa na shati moja jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inakata shingo, na nilijua dawa moja tu ya mtoto mkorofi: fimbo. Nilikuwa nazo tatu, ndogo, ya kati na ya siku kuu. Mwezi wangu wa kwanza akatokea mtoto wa darasa la kwanza anayeng'ata wenzake. Nikamchapa. Akamng'ata mwingine. Nikamchapa tena. Akaning'ata mimi.

Nilikimbilia kwa Mwalimu Barnaba, mzee wetu pale shuleni, mtu wa Kasai, mpole, aliyevaa vibanio vya baiskeli kwenye suruali kila siku ingawa baiskeli yenyewe iliibiwa zamani. Barnaba hakuniuliza mtoto kafanya nini. Alimpakata, akamfungua kinywa, akachungulia.

“Moniteur,” akaniambia, “huyu mutoto hana roho mubaya. Iko na jino mubaya.”

Kweli, jino lilikuwa linaota nyuma ya jingine, fizi imevimba, na mtoto alikuwa anatafuta kitu cha kuuma ili apate nafuu. Mkono wangu ulikuwa karibu. Barnaba akamtoa jino kwa uzi, mtoto akaacha kung'ata, na mimi nikabaki na alama hapa chini ya kidole gumba. Tazameni, bado ipo.

Mngedhani nimejifunza. Wapi! Akaja Polidori.

Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, mwembamba, kichwa kikubwa, mtoto wa Stanislas, mfanyakazi wa kwenye tanuru ya kuyeyushia shaba. Katika rejista aliandikwa kama walivyoandikwa wote: jina la ubatizo, jina la baba, basi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni watoto wakiingia, kila mmoja akisema “Bonjour, Monsieur”. Polidori akafika, akasimama mbele yangu, akanyamaza. Akanisubiri mimi nimsalimie. Tukatazamana mpaka Padri, mkubwa wa shule, akapita na kutuuliza kama tumegeuka sanamu.

Yeye hakukimbia kama watoto wengine, alitembea mikono nyuma. Wenzake wakigawana karanga, alingoja apelekewe. Na juu ya ukubwa huo wote, alikuwa mtundu ambaye sijaona mfano wake mpaka leo.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Siku moja kikalia saa tatu asubuhi, mlio ule ule wa kwenda nyumbani. Watoto wakatoka mbio. Walimu wakafunga madaftari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya nyumbani, nikishangaa jua la siku hiyo linavyochelewa, ndipo nikakutana na Padri kwenye pikipiki.

“Unakwenda wapi?” akaniuliza.

“Nyumbani, mon Père. Shule imekwisha.”

Tukarudi. Nikawapanga watoto mstari, nikauliza kwa sauti ya radi, “Nani amepiga kengele?” Kabla sijafunga kinywa Polidori amesogea mbele: “Ni miye, mwalimu.”

Juma lililofuata nilichelewa kidogo, nikaingia darasani nikakuta mbuzi wa Padri amefungwa kwenye kiti changu, kavaa kofia yangu niliyoisahau jana yake, na watoto wote arobaini wamesimama wima wakimwambia, “Bonjour, Monsieur!” Mbuzi akaitikia. Na wala hakuitikia vibaya. Barnaba alisema baadaye kwamba matamshi yake yalikuwa safi kuliko yangu.

“Nani?” nikauliza.

“Ni miye, mwalimu.”

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa kipofu. Polidori alikiri hata yasiyokuwa yake. Upepo ulimwaga wino mezani, yeye yuko nje amekwenda kuchota maji ya kufutia ubao. Aliporudi nikauliza nani kamwaga, akasema ni yeye. Nilimpigisha magoti kwenye changarawe mikono juu, na uso wake ukatulia kabisa, akawa kama mtu anayesubiri komunyo. Adhabu ikaisha, akajipangusa magoti, akaniuliza kwa adabu zote:

“Mwalimu, kesho utanigombesha tena?”

Mtoto ananiuliza kama nitamkaripia na kesho! Nilihesabu hiyo ni dharau ya daraja la kwanza. Siku hizo fimbo ilikuwa imeanza kupungua, Padri ametuletea mtindo mpya wa daftari jeusi. Mtoto akikosa sana unaandika jina lake humo, na likiingia mara tatu linakwenda mezani kwa Padri. Mimi nikaandika Polidori mara ya tatu, kwa mwandiko wangu mzuri wenye mikia, na nikapiga mstari chini.

Padri aliniita. Alikuwa mtu mwema, mwenye ndevu na haraka. Akasema, “Mpaka Pasaka. Kama hajabadilika, nafuta jina lake.”

Hapo ndipo kola ikanibana. Mtoto akifutwa kwetu, hakuna shule nyingine ya kambi ambayo ingempokea. Angepelekwa kijijini Mitwaba, kaskazini, kwa mjomba wake kulima, na Stanislas, ambaye kila siku ya malipo alipita shuleni kututazama tukiandika ubaoni, alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba mtoto wake akae mezani na kalamu, asikae mbele ya tanuru. Na yote hayo yangeharibika kwa sababu ya mistari mitatu niliyoiandika mimi. Niliogopa, nawaambia ukweli. Sikulala vizuri.

Basi nikafanya kile ambacho kila mwalimu asiyejua la kufanya hufanya: nikamwita baba.

Stanislas alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Mlango ulimtosha kwa shida. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto, na kambi nzima ilijua kwamba aliwahi kumbeba nyapara mmoja kwa kola ya shati na kumweka juu ya pipa. Nikasema moyoni, leo Polidori amepata mwenzake. Nikaitoa fimbo ya siku kuu kabatini, nikaiweka mezani upande wake, taratibu, kama mtu anayetenga chakula. Watoto wakainua shingo kwenye mabenchi. Nikamwita Polidori, niliyekuwa nimemsimamisha nje.

Mtoto akaingia, mikono nyuma. Na lile jitu, Stanislas, likapiga goti moja chini. Likapiga makofi polepole, kofi la heshima, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu kaskazini.

“Tata,” akamwambia mwanawe, sauti ndogo, “mwalimu iko nasema uko namusumbua kidogo. Tunaomba, tata. Kama inawezekana. Kama haitakuchokesha.”

Kisha akatoa ndizi mfukoni, akampa kwa mikono miwili.

Nilikaa chini. Nilikaa ilhali hapakuwa na kiti.

“Stanislas,” nikasema nikiwa huko sakafuni, “huyu si mtoto wako?”

“Eko mutoto yangu,” akajibu, akanigeukia kwa mshangao, “lakini eko baba yangu pia. Haujue? Anabeba jina ya Kisimba, baba mwenye alinizaa. Miye nitamupiga namna gani?”

Jamani, mimi ni mtu wa kaskazini! Desturi hiyo niliinyonya kwa mama. Mtoto akipewa jina la babu yake, anapewa na heshima ya babu, na baba yake anamwita tata, yaani baba. Hata nyinyi mnaijua. Lakini nilikuwa nimesoma rejista, na rejista ilisema Polidori, nikaridhika. Miezi yote ile sikuuliza jina la nyumbani. Na sasa nilikuwa nimemwita mtu aje amchape baba yake mzazi mbele ya darasa, na fimbo nimemtengea mimi.

Barnaba alipopata habari alicheka mpaka kibanio kimoja kikafyatuka. Alipotulia akasema, “Enda kwabo. Usiseme kintu. Angalia tu.”

Nikaenda Alhamisi alasiri. Walikuwa wanajitayarisha kula. Polidori alikuwa peke yake kwenye kiti cha kukunja, kiti pekee cha nyumba ile. Mama yake, Odilia, alimletea maji ya kunawa akiwa amepiga magoti na uso ameugeuza pembeni, kwa sababu yule kwake ni baba mkwe, na mkwe hamkodolei macho baba mkwe wala hakai naye mkeka mmoja. Walichinja kuku kwa ajili ya mgeni, nami nikaanza kuipigia hesabu firigisi. Firigisi ikaenda kwa Polidori. Bila shaka, ni ya mkubwa wa nyumba.

Pale chini, kwenye mkeka, kulikuwa na mdogo wake, Fideli, jina la ubatizo na la nyumbani hilo hilo, hakurithi la mtu yeyote. Yule aliambiwa anyamaze, akaambiwa asile kwa mkono wa kushoto, akatandikwa kofi la matako kwa kumwaga mchuzi, kisha baba yake akamdaka kwapani akamrusha juu, akamdaka, akamrusha tena. Fideli alikuwa anapiga kelele za raha mpaka kuku waliobaki wakakimbia. Polidori alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti chake, firigisi akiizungusha tu kwenye sahani. Nami niliona hayo yote kwa macho haya mawili, na nilichoondoka nacho kichwani ni kwamba mtoto ana firigisi na haili.

Nikapanga mpango wangu wa akili nyingi. Nikajisemea, kama ni mzee, basi na atumiwe kama mzee; mkubwa ana haki zake lakini ana na kazi zake. Kesho yake mbele ya darasa nikapiga makofi nikamwita Tata Kisimba, nikamkabidhi kuamua magomvi ya watoto saa ya mapumziko.

Siku tatu zilikwenda vizuri mno, nikaanza kutembea kifua mbele. Siku ya nne Padri alimkuta Polidori amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya choo, baraza limejaa, karani wake anaandika kwenye vumbi kwa kijiti, na washtakiwa wamepanga foleni kila mmoja na mapera yake ya faini. Kulikuwa na mapera ya kujaza toroli. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alikuwa amehukumiwa kutomtazama dada yake mwezi mzima. Na kesi iliyokuwa inasikilizwa saa hiyo, Mungu anisamehe, ilikuwa ya mbuzi wa Padri, aliyekula daftari la mtu. Mbuzi alikuwepo. Alikuwa na wakili.

Padri akamshika mbuzi wake. Alinionyesha vidole vitatu, majuma yaliyobaki kabla ya Pasaka, akaondoka.

Nilimtoa Polidori pembeni, nimekasirika sasa, lakini kwa mazoea ya juma lile mdomo ukatangulia: “Tata Kisimba, umenifanyia nini?”

Akaniangalia. Ule uso wa kizee ukaanguka wote, nikaona chini yake mtoto wa miaka tisa.

“Weye pia, mwalimu?” akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akaendelea, anavuta kamasi, “Ku nyumba banasema tata, tata. Hakuna mwenye kunigombesha. Fideli banamugombesha kila siku. Weye ulikuwa nanigombesha muzuri. Sasa weye pia.”

Vijana wangu, nilisikia aibu iliyonishuka mpaka kwenye nyayo. Mtoto huyu alikuwa amezunguka nyumba nzima akitafuta mtu wa kumwambia hapana, akamkosa. Akaja kwangu. Kengele, mbuzi, wino usio wake, vyote vilikuwa ombi moja: niambie kwamba mimi ni mtoto. Na mimi, baada ya kumwelewa vibaya kwa fimbo, nilimwelewa vibaya kwa makofi ya heshima.

Nikaenda kwa Barnaba na kumweleza. Akavua vibanio, jambo alilofanya tu akifikiri kwa nguvu.

“Baba yake hawezi,” akasema. “Mama yake hawezi. Weye, akitoka hapa wanamurudisha ku kiti yake. Sasa niambie: mutu mukubwa, mwenye kuheshimiwa na bote, nani anaweza kumutukana mu nyumba yake na hakuna mwenye kusema kintu?”

Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tumeoa. Tukajibu pamoja: “Muke yake!”

Mke wa marehemu Kisimba alikuwa hai, huko upande wa Mitwaba. Jina lake Ngoie, na watoto wote wa ukoo walimwita Kambo, yaani bibi. Na mnajua bibi na mjukuu wa kiume wanavyotaniana kwetu: anamwita bwana yangu, anamtukana atakavyo, na hakuna utani ulio mkubwa mno. Polidori alizaliwa mjini. Tangu alipokuwa mchanga hawajaonana. Nikaandika barua, karatasi moja pande zote mbili, kwa katekista wa kijiji chao amsomee. Nilieleza kila kitu, hata firigisi, nikamwomba aje. Kisha nikaanza kuhesabu siku na kutazama kila lori la mihogo lililoingia mjini.

Jumatatu ya juma la mwisho kabla ya Pasaka, Padri aliingia darasani na daftari jeusi mkononi. Alikuja kumaliza. Akamwita Polidori mbele, akavaa miwani, akafungua ukurasa wenye mwandiko wangu mzuri. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mlango ukagongwa na kitu kigumu. Akaingia bibi kizee mfupi, kiko mdomoni, vumbi la safari mpaka kwenye kope, kuku hai chini ya kwapa.

“Bonjour, Padri,” akasema. “Bwana yangu iko wapi?”

“Mama,” Padri akajibu kwa upole, “hapa hakuna bwana yako. Hapa ni watoto tu.”

“Niko namuona pale,” akasema Kambo Ngoie, akimwonyesha Polidori kwa kiko. “Bado mubaya vile vile.”

Darasa likalipuka. Bibi akamkabidhi Padri kuku, hivi, bila kumtazama, na Padri akampokea. Akamkabili Polidori mikono kiunoni.

“Kisimba! Ulinikuta ku maji nikiwa musichana, ukasema utanijengea nyumba ya matofali. Iko wapi? Ukakufa! Ukaniacha na paa yenye kuvuya na mbuzi babili benye kukohoa! Sasa nasikia umerudi, uko unakula firigisi hapa mu ville, na kalamu haujue kushika! Simama sawasawa! Pangusa pua! Na hii shati, nani alifunga vifungo, kipofu?”

Polidori alikuwa ameachama. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kusema naye hivyo. Akafunga kifungo. Akapangusa pua kwa mkono. Kisha akajaribu, polepole, kama anayeonja uji wa moto:

“Samahani... muke yangu.”

Hapo hakuna aliyebaki kwenye benchi. Watoto walikuwa sakafuni, Barnaba alikuwa dirishani ameshika nondo ili asianguke, na Padri, na kuku wake, alikuwa amegeukia ukuta mabega yakimtetemeka. Mimi machozi yalikuwa yananimwagika mpaka kwenye ile kola. Bibi akamvuta mtoto sikio, akamgeuza, akamtupa mgongoni, akamfunga kwa kitenge, huyo mtoto wa miaka tisa, miguu inaburuta chini. Na Polidori akaweka kile kichwa chake kikubwa kwenye bega la bibi, akacheka, akacheka, halafu akalia.

Padri alipoweza kusema, daftari jeusi alilitia mfukoni mwa kanzu. “Baada ya Pasaka,” akasema, “tutaona.”

Alasiri ile niliitwa nyumbani kwa Stanislas. Nilikuta kiti cha kukunja kina mwenyewe: Kambo Ngoie. Kuku alikuwa ameshapikwa, na firigisi akaila yeye, bila kumwuliza mtu. Kisha akasema:

“Stanis, njiani tulisemezana na bwana yangu. Anachoka. Kazi ya ukubwa aliifanya akiwa muzima, sasa muko munamufanyisha tena na meno ya kitoto. Anasema jina ibakie. Heshima ingoje mpaka atatoka ndevu. Leo kamata mutoto yako.”

“Mama,” Stanislas akauliza, jasho linamtoka, “ni kweli alisema vile?”

“Uko unaniuliza miye, muke yake? Hata akiwa muzima, nani alikuwa nasema ku nafasi yake?”

Hilo Stanislas hakuweza kulikana. Akamsogelea mwanawe. Ile mikono iliyozoea vyuma vya moto akaipangusa kwenye suruali. Akamshika kwapani, akamrusha, kidogo sana, kiasi cha ukurasa wa kitabu. Akamdaka. Mbingu hazikuanguka. Akamrusha juu zaidi. Polidori akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

“Ingine, baba! Ingine!”

Mara ya sita au ya saba, mguu wa mtoto ukapiga karai la maji, maji yote yakamwagika juu ya mkeka na juu ya viatu vyangu vya pekee. Odilia akaziba mdomo. Stanislas akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama kiko.

“Polidori!” Stanislas akaanza, sauti ikakatika, akaanza upya, na safari hii sauti ya tanuru. “Polidori! Angalia vile unafanya! Mutoto gani huyu! Kimbia kamata kitambaa, upanguse, mbio!”

Na Polidori akakimbia. Hakutembea mikono nyuma. Alikimbia, magoti juu. Nilitoka nje nikajifanya nakausha viatu.

Kwa hiyo swali nililowaahidi ni hili: nyumbani huyu mtoto anaitwa nani, na nani anayeweza kumkaripia na kumrusha juu? Ulizeni hilo kabla ya kushika daftari lolote jeusi. Jina la Polidori halikufutwa. Limo katika rejista ile mpaka mwaka aliomaliza, na Kisimba nikaliandika pembeni mimi mwenyewe kwa wino, pamoja na mikia.

Ila kinachonichekesha nikipita pale shuleni ni asubuhi ya pili yake. Nilikuta duara la watoto uwanjani, na katikati Polidori, amepandwa na furaha, anajisifu. Wengine walikuwa wanajisifia viatu vya Pasaka. Yeye alikuwa anasema, “Jana baba alinigombesha! Nguvu sana!” Wenzake wakamzomea, hakuna aliyekubali, kambi nzima ilimjua. Akaniona, akanijia mbio, akanishika mkono wenye alama ya meno.

“Mwalimu, baambie! Ulikuwa pale! Baambie vile alinigombesha!”

Nikasimama mbele ya shule nzima, nikarekebisha kola, nikatoa ushahidi.

“Ni kweli,” nikasema. “Aligombeshwa. Na mimi viatu vyangu bado havijakauka.”